Boti Iliyoachwa Mlango Wazi

Dada yake Mbinya alikuwa akiishi mahali ambapo akianika blanketi nyekundu, Mbinya aliiona. Akiwasha jiko, moshi aliuona. Lakini kumwona mwenyewe, uso kwa uso, ulikuwa ni mwaka wa sita sasa, kwa sababu katikati yao kulikuwa na bwawa.

Zamani hapakuwa na bwawa. Kulikuwa na mto, na wakati wa kiangazi mto huo ulivukwa kwa kukunja sketi. Dada huyo, Peris, aliolewa ng'ambo ile bila hata kulowesha kikapu. Halafu maji yakawekewa ukuta kule chini, yakarudi nyuma yakajaza bonde lote, umeme ukapatikana, na umeme huo ukapita juu ya paa zao kwa waya nene ukienda mjini, kwa maana mjini ndiko kulikuwa na giza. Watu wa hapa walibakishiwa maji ya kuangalia.

Barabara ya kuzunguka iko, hakuna aliyekataa. Ni matatu mbili na pikipiki moja, na hiyo pikipiki ndiyo nyonga ya Mbinya ilikataa, tena kwa barua ya daktari. Mitumbwi ya wavuvi iko pia, ila ndani yake mtu anakaa chini magoti yakigusa kidevu, na nyonga ile ile haikunjiki. Peris naye miguu imemvimba, safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka jikoni. Kwa hivyo dada hao wawili, mmoja sabini na mbili, mwingine sabini na nane, walikuwa wakipigiana simu Jumapili baada ya kanisa, kila mmoja amesimama nje ya nyumba yake akiangalia moshi wa mwenzake, wakiongea kwa kelele mpaka ungedhani simu ni ya kupamba mkono tu.

Basi Munyiva, binti yake aliyeolewa Mlolongo, alipopiga simu Ijumaa akasema, "Mwaitu, kesho tunakuja na boti. Iko na viti. Utavuka umwone Peris," Mbinya hakuuliza mengi. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na Munyiva akiitamka kwa sauti ile ya asali, lazima kuna jambo limejificha nyuma. Jambo lenyewe lilikuwa ni mumewe, Laban.

Laban ni fundi wa pancha. Miaka kumi na minne amekaa kando ya barabara pale Mlolongo akiziba matairi ya malori, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna tundu limewahi kumshinda. Tajiri wake, mwenye kibanda cha pancha, alikuwa amenunua boti ya injini, akamwambia aipeleke kwa hoteli moja upande wa chini wa bwawa, ifike Jumapili saa tatu asubuhi. Akampa na pikapu ya kuivutia. Laban akaona Jumamosi yote iko wazi, na njia inapita kwa wakwe. Mtu angekataa sifa kama hiyo?

Alifika saa nne, amevaa shati la minazi. Boti ilikuwa nyeupe, imekaa juu ya trela ya magurudumu mawili kama bibi arusi aliyebebwa kwa kiti. Pikapu ilikuwa ya tajiri, boti ya tajiri, mafuta ya tajiri. Cha Laban mwenyewe kilikuwa ni maringo, na hayo alikuja nayo mengi.

Mbinya alimwona kisogo tu. Hivyo ndivyo alivyomjua miaka yote kumi na tisa. Kwetu mama mkwe na mkwe wana nthoni, yaani ile haya ya heshima: hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawatajiani majina, na mbele ya mwenzake hakuna anayetaja kitu chochote cha mwili kuanzia shingo kushuka. Wakitaka kuambiana neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Siku moja Munyiva alipokuwa ameenda sokoni waliongea kupitia kuku. Mbinya alimwambia kuku kwamba chai iko kwa chupa, na Laban akamshukuru kuku.

"Mwambie baba Mumo karibu," Mbinya alisema akiangalia mti. Mumo ni mjukuu wake wa kwanza, na jina la mtoto ndilo daraja la kumfikia baba.

"Baba Mumo, mwaitu anasema karibu," Munyiva alisema. Mumewe alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

"Mwambie asante. Mwambie leo atavuka kama mtalii."

Wakateremka mpaka ufukoni, mahali ng'ombe hushukia kunywa maji. Ni mteremko wa changarawe, mgumu juu, matope chini. Watu walikuwa wameshajaa. Habari ya boti ilikuwa imetangulia, na Jumamosi ukimwona mwanaume wa Mlolongo akileta boti Ukambani hufui nguo. Mbele ya wote alikuwa Faki, mwenye duka la godoro Katangi, ambaye alikuja kununua samaki akabaki kwa sababu ya boti. Faki babu yake alitoka Pwani. Kwa sababu hiyo peke yake watu walimwita nahodha na kumuuliza kila kitu kuhusu maji.

"Nahodha, hii boti iko sawa?" mzee mmoja aliuliza.

"Mimi nauza godoro," Faki alijibu. Watu wakatikisa vichwa wakisema ndivyo wataalamu walivyo, hawajisifu.

Ng'ambo, chini ya ile nyumba ya blanketi nyekundu, kulikuwa na doa la njano. Mbinya alilijua. Ni kitambaa cha kichwa cha Peris. Wajukuu walikuwa wamembeba kwa kiti cha plastiki wakamweka karibu na maji tangu saa tatu. Simu ikalia.

"Mnakuja ama mnaombea?" Peris aliuliza.

"Inapoa," Mbinya alisema.

Na kweli ilikuwa inapoa. Hapo Laban alikuwa na haki, na Mbinya hakumnyima. Alikuwa amesimamisha trela juu ya mteremko, akaweka kiganja chake kwa gurudumu na kusema beringi zina moto wa barabara, zikiingia kwa maji baridi zikiwa hivyo zitayanyonya ndani na kufa kabla ya wiki kuisha. Zingoje nusu saa. Alilisema hilo kimya kimya, bila yale maringo ya shati, ungesema, kwa sababu ni jambo alilolijua.

Katika nusu saa hiyo Mbinya alizunguka boti na fimbo yake. Aliangalia viti, akaridhika. Akaangalia nyuma, pale injini imening'inia. Na chini ya injini, upande wa kulia, aliona tundu.

Halikuwa la kutafuta. Lilikuwa duara safi, dole gumba lingeingia, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa yakitonatona kutoka ndani ya boti. Mbinya amebeba maji maisha yake yote, kwa mtungi, kwa kitete, yaani kibuyu, kwa debe, kwa mtungi wa plastiki. Mahali maji yanatokea ndipo yanapoingilia. Hilo halihitaji shule.

Shida ilikuwa mahali tundu lenyewe lilipokaa. Lilikuwa makalioni. Boti ikiwa na kichwa, na ilikuwa nacho, basi hayo yalikuwa ni makalio yake, na kwenye makalio hayo kulikuwa na tundu, na mwenye kusimamia makalio hayo alikuwa ni mkwe wake. Angeanzia wapi?

Akangoja mtu mwingine alione. Watu thelathini walikuwa wakipiga picha kichwa cha boti.

Akamwita Munyiva. "Mwambie baba Mumo ameacha mlango wazi kule nyuma."

"Baba Mumo, mwaitu anasema mlango wa nyuma uko wazi."

Laban akarudi kwa pikapu, akaangalia nyuma, akapiga kile kibao cha nyuma cha pikapu mpaka kikalia pa. "Mwambie asante, nimefunga."

Mbinya alivuta pumzi. Ni mwanamke mwenye subira, amelea watoto saba na mume mmoja. "Mwambie sio huko. Mwambie aangalie pale mzigo unapokalia."

Munyiva akasema. Laban akainama, akatazama kati ya boti na trela, na akaona mkanda wa nyuma bado umefungwa. Angeingia majini hivyo, trela na boti vingeshikana kama wapenzi. Akaufungua. "Mwambie mwaitu ana macho," alisema kwa sauti ili watu wasikie. "Wengine wamekuja kutazama tu, yeye anaona."

Watu wakamwangalia Mbinya kwa heshima. Tundu likatona.

Mara ya tatu alimgeukia Faki, maana Faki si mkwe wa mtu yeyote hapo. Lakini Laban alikuwa amesimama karibu nao, na masikio ya mkwe ni ya mkwe hata yakiwa yanaangalia upande mwingine. Kwa hivyo akasema kwa mbali: "Mwanangu Faki, wewe unaona kitete kisichokuwa na kifuniko kinaweza kushika maji?"

Faki alifikiri. "Hakiwezi, mama."

"Basi."

Faki akaenda, akarudi na soda baridi, akamwomba radhi kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemkumbuka kwa kinywaji na jua hili.

Mbinya akanywa soda. Afanyeje? Akajiambia labda boti za siku hizi huwa na tundu la kupumulia. Nyangumi wanalo, mwalimu aliwaambia darasa la tatu, na la nne hakufika kuuliza zaidi.

Beringi zikapoa. Laban akaingia kwa pikapu kurudi kinyumenyume.

Sasa, mtu aliyekaa miaka kumi na minne akiangalia trela zikipita anaamini anajua trela. Laban alikata usukani kushoto, na trela ikaenda kulia. Akakata kulia, trela ikaenda kushoto zaidi ya ilivyoombwa. Akakata kwa hasira, ikajikunja mpaka boti ikamchungulia dirishani. Akaenda mbele, akanyoosha, akaanza upya. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya saba trela ilielekea kwa mbuzi wa watu.

"Trela ndefu ni rahisi," Laban alieleza watu kupitia dirisha. "Hii ni fupi. Fupi ina kiburi."

"Kama mwenyewe," mwanamke mmoja alisema, na Laban kwa kweli si mrefu.

Mbinya alikuwa amerudisha mkokoteni wa ng'ombe kwenye mteremko ule ule kwa miaka ishirini, akijaza pipa za maji. Mkokoteni ni huo huo: magurudumu mawili, mti mmoja mbele. Ukitaka nyuma iende kulia, mbele unasukuma kushoto, kidogo tu, halafu unaifuata kabla haijakasirika.

"Mwambie mkokoteni haurudi kwa nguvu," alimwambia Munyiva.

"Mwambie mwaitu hii sio ng'ombe."

Munyiva alikuwa amechoka kupitisha. "Mimi ni mke ama ni mlingoti wa simu?"

Basi Mbinya akateremka mpaka chini, akasimama kando ya maji, mahali kioo cha pembeni cha pikapu kingemwona. Hakumwangalia Laban. Aliangalia anga. Lakini fimbo yake ikaanza kufukuza nzi upande wa kushoto. Laban alitazama kioo, na kioo sio uso, hakuna aliyewahi kusema kioo kina nthoni. Fimbo ikiwa na nzi kushoto, alikata kushoto kidogo. Nzi wakihamia kulia, naye akahamia. Nzi wakiisha, alinyoosha. Trela ikashuka imenyooka kama mtoto anayepelekwa kupokea Komunyo, na watu wakapiga makofi.

"Nimeipata sasa," Laban alisema.

Magurudumu ya trela yakaingia majini. Hendibreki ikavutwa, mawe mawili yakawekwa nyuma ya tairi za pikapu. Laban akazungusha winchi, ile roda ya trela ya kuvutia boti, kuilegeza kamba ya waya, akaisukuma boti, nayo ikateleza, ikaelea. Ilikuwa nzuri, hata Mbinya alikubali. Munyiva akapanda kupanga viti, Faki akapewa kamba ya kushikilia, kwa kuwa ni nahodha, na Laban akaanza kuwasha injini akisimama ndani ya maji ya magoti, akivuta kamba yake, akieleza kila mvuto umefanya nini.

"Baba Mumo," Munyiva aliita kutoka ndani. "Viatu vyangu vinalowa."

"Ni jasho la boti. Ikitoka kwa jua hutoa jasho."

"Jasho linafika kifundo."

Laban akaangalia mbele. Akagonga pembeni. Akachunguza chini ya kiti, chini ya mkeka, ndani ya sanduku la vifaa. Fundi wa matundu alitafuta tundu kila mahali isipokuwa mahali lilipo. Nyuma ya boti ikaanza kuzama polepole, na injini ikashuka nayo, sentimita kwa sentimita.

Simu ya Mbinya ikalia. "Naona mmeingia," Peris alisema. "Kwa nini inakaa kama kuku anayetaga?"

Mbinya alishusha simu. Aliangalia lile doa la njano. Injini ile ikiloa, Laban ataivuta boti nje akitukana kimoyomoyo, kesho saa tatu itakuwa hotelini, na haitakuja nyingine yenye viti. Peris ana sabini na nane. Atakuwa amebebwa kwa kiti chake mpaka majini akarudishwa, kama godoro lililoanikwa.

Nyuma ya boti ikashuka tena, upana wa kidole.

"Laban," Mbinya aliita.

Jina hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Laban akageuka kabla ya kujizuia, na kwa mara ya kwanza tangu mahari wakaonana usoni. Ana kovu juu ya jicho, Mbinya aliona. Hakujua.

"Boti yako iko na tundu matakoni," alisema. "Chini ya injini, upande wa kulia. Tia kidole."

Hakuna aliyesonga. Mama mmoja alijifunika kinywa na leso.

"Tia kidole, mwanangu. Heshima tutaongea ukishaziba."

Laban akajitupa nyuma ya boti, maji yakamfika kifuani, akapapasa, akatia dole gumba. Akabaki hivyo, ameikumbatia boti kwa nyuma, shati la minazi likielea pande zote. Mamba wa bwawa lile hawana nthoni na mtu, kila mmoja alilijua hilo, na Laban alilijua kuliko wote.

"Faki, vuta," Mbinya alisema. "Munyiva, shuka huko, wewe ni mzito."

Faki akavuta kamba mpaka kichwa cha boti kikapanda kwa trela, akafunga ndoano ya winchi, akaizungusha mpaka kamba ikakaza. Kisha akaingia kwa pikapu, kwa kuwa godoro hazijisafirishi na kuendesha anajua, akaitoa trela polepole. Ilipofika pakavu Laban akatoa kidole. Boti ikajisaidia mbele ya wakwe wote, kwa mkondo mrefu, bila haya yoyote.

"Kale kachuma tajiri alikupa na funguo," Munyiva alimuuliza mumewe, "kalikuwa ka nini?"

Laban alifikiri. "Ka njano? Kenye uzi wa skrubu?"

"Uliweka kwa benchi kule kibandani. Ukasema ni ka valvu ya lori."

Laban akakamua maji kwenye shati la minazi. Kusema kweli, alionekana mwanaume wa maana akiwa amenyamaza.

Mbinya akatuma mtu nyumbani kwake kuleta gunzi la mahindi, kavu, lisiloliwa na dudu. Gunzi ndilo limeziba kila kitete na kila mtungi wa Ukambani, halijawahi kudai uzi. Laban alilipima kwa tundu, likacheza kidogo. Hapo akatia mkono mfukoni akatoa kipande cha tyubu, maana fundi wa pancha hata akienda harusini hukosi tyubu kwake, akakikata ukanda mwembamba, akauviringisha kwenye gunzi kwa kuuvuta, safu juu ya safu, akalipigilia tunduni kwa jiwe. Halafu, kabla mtu hajasema irudi majini, akamwaga ndoo nne za maji ndani ya boti, akalala chini kwa mgongo akaangalia.

"Pancha inatafutwa kwa maji," alisema kwa sauti ya kawaida, na hakumwambia Munyiva aipitishe. "Mwaitu, haitoi hata tone."

"Naona," Mbinya alisema. Wote wawili wakaangalia chini.

Nyuma yao akina mama walikuwa wameshaanza kujadiliana ni nani sasa wa kutoa mbuzi wa kusafisha lile neno, aliyelitamka au aliyelisababisha. Hawakumaliza kwa sababu boti ilikuwa inarudi majini na hakuna aliyetaka kukosa.

Faki alikataa kupanda. "Babu yangu alitoka Pwani kwa sababu ya maji," alisema. "Mimi nitaangalia pikapu."

Walimpandisha Mbinya kwa ubao na kiti cha jikoni. Alikaa mbele, mgongo kwa Laban, akaiweka nthoni iliyobaki mahali pake. Munyiva alikaa katikati akiangalia gunzi kama anayeangalia maziwa kwa jiko. Injini ikawaka mvuto wa tisa. Katikati ya bwawa Laban akaanza kueleza jinsi boti zinavyoendeshwa, na Mbinya akamwacha. Maji yalikuwa mengi, ya kijani, na chini yake, mahali fulani, palikuwa na ule mchanga waliokuwa wakivukia na Peris wakiwa wasichana, sketi mkononi.

Peris hakuinuka kwenye kiti, hakuweza. Mbinya alifika na fimbo yake, akasimama mbele yake.

"Umezeeka," Mbinya alisema.

"Na wewe nimekusikia. Bwawa lote limekusikia. Ati nini, matako?"

"Kulikuwa na dharura."

"Mama yetu angekufa tena." Peris akamshika mkono, akauvuta mpaka shavuni, akauweka hapo, hakuuachilia. Mbinya akasimama hivyo ameinama, nyonga ikimuuma, akisema mkono wa Peris ni moto, akisema anavaaje sweta na jua hili, akisema maneno mengine yasiyo na kazi.

Wajukuu wakambeba Peris kwa kiti chake mpaka nyumbani, Mbinya akifuata na fimbo. Peris alikuwa amepika muthokoi. Sasa muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na chakula hicho hakijui saa. Alikuwa ameuweka jikoni alfajiri, na bado mahindi yalikuwa yanajibu meno.

Saa tisa Laban akaanza kutazama jua. Ilibidi boti iwe juu ya trela kabla ya giza, na kesho saa tatu ni kesho saa tatu. "Mwambie mwaitu..." alianza, akakohoa. "Mwaitu, tukichelewa sitaona kioo."

Walikuwa wamekaa pamoja chini ya saa moja. Mbinya alimwangalia dada yake. Peris alikuwa akikoroga sufuria na hakuinua uso, akikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Nendeni," Mbinya alisema.

"Na wewe?" Munyiva aliuliza.

"Muthokoi haujaiva."

"Mwaitu, utarudi na nini? Hakuna boti tena. Pikipiki umekatazwa."

"Asubuhi pia nilikuwa sina boti."

Munyiva alibishana, akalia kidogo, akamwachia leso yake na dawa za maumivu zilizokuwa kwa mkoba. Boti ikaondoka nyepesi. Kwa mbali, dada hao wakiwa nje ya jikoni, waliiona ikifika, Munyiva akashika kamba, na Laban, mdogo kama mchwa, akaingia kwa pikapu kuiteremsha trela. Trela ikaenda kwa mbuzi.

Mbinya akatoa simu. Namba ya mkwe alikuwa nayo miaka yote, imeandikwa "Baba Mumo usipige". Akapiga.

"Naam, mwaitu."

"Kata kushoto. Kidogo. Umezidisha, rudi."

"Anaenda kando," Peris alisema. Miguu ya Peris ilikuwa imeisha lakini macho bado ni ya msichana. "Mwambie gurudumu moja linapanda jiwe."

"Gurudumu la kulia liko juu ya jiwe. Nenda mbele, nyoosha. Sasa rudi polepole kama unarudi kwa mgonjwa."

Trela ikaingia majini imenyooka. Wakaona boti ikisogezwa, Faki akizungusha winchi, boti ikapanda, na ikakaa upande.

"Imekaa kama mlevi," Peris alisema.

"Laban, iteremshe tena. Imelala upande mmoja, barabarani itaanguka. Iteremshe, uanze katikati."

"Mwaitu, imeshafika..."

"Iteremshe."

Ikateremshwa. Ikapanda tena, safari hii katikati. Mikanda ikafungwa, ya mbele na ya nyuma. Pikapu ikanguruma, ikateleza kwa matope, ikashika changarawe, na boti ikatoka majini ikimeta kwa jua la jioni.

"Imetoka, mwaitu," Laban alisema kwa simu.

"Nimeona."

Ikabaki kukata simu. Hakuna aliyejua mama mkwe na mkwe wanakatiana simu vipi, nani anamwacha mwenzake kwanza, na kama ni kukosa heshima. Mbinya alisikia pumzi ya Laban, na mbali nyuma yake Munyiva akimuuliza kama mama amekula. Peris akaichukua ile simu kutoka mkononi mwa dada yake, akabonyeza.

Pikapu ikapanda mteremko na ule mzigo wake mweupe, ikapotea nyuma ya miti. Ng'ambo ikabaki changarawe na ng'ombe wakishuka kunywa.

"Utakaa siku ngapi?" Peris aliuliza.

"Mpaka unichoke."

"Nimeshakuchoka. Nishike mkono, twende tuone kama haya mahindi yameamua."